MKATE WA SUFURIA NA BUSTANI YA GUNIA: NAMNA YA KUVUKA JUMA LA MWISHO LA MWEZI

Ndugu wakaaji wa Dzaleka, baba na mama, na ninyi vijana wenzangu,

Hesabu ya mwezi sote tunaifahamu. Juma la kwanza baada ya mgao kuna ugali na maharagwe, na watoto wanashiba. Juma la pili mama anaanza kupima unga kwa kikombe. Juma la tatu tunakula mara moja kwa siku. Juma la nne mtoto anatumwa dukani na daftari la deni, na mgao mwingine ukifika, sehemu yake tayari ni ya mwenye duka. Kwa hiyo mwezi unaofuata tunauanza tukiwa nyuma.

Mgao umepunguzwa zaidi ya mara moja katika miaka iliyopita. Nafasi nayo imepungua. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994, nayo ilipangwa kupokea watu wasiofika 15,000. Leo tuko zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na wengi walirudi bila kuwa na hata kipande cha shamba. Kwa hiyo karatasi hii haikuandikwa kwa mtu mwenye shamba. Imeandikwa kwa mtu mwenye hatua tatu za ardhi mbele ya mlango, jiko moja la makala na sufuria mbili.

Tuseme ukweli tangu mwanzo: magunia mawili ya mboga na mkate wa sufuria havitoshi kulisha nyumba mwezi mzima. Lakini vinaweza kukusaidia kupita zile siku saba au kumi za mwisho bila kukopa. Jambo la lazima ni kuanza mapema. Ukingoja hadi unga uishe ndipo upande mboga, umechelewa. Siku ya mgao ndiyo siku ya kupanda.

1. ANGALIA KWANZA KILE UNACHOKITUPA

Kabla ya kununua kitu chochote, kaa siku moja uangalie vitu vinavyotoka nyumbani mwako. Utaona vinne.

Maji. Maji uliyooshea mboga, mchele au maharagwe hayana ubaya kwa mimea. Yachuje uyamwage kwenye gunia. Maji yenye sabuni nyingi ya kufulia usiyamwage kwenye mboga.

Maganda. Maganda ya viazi, ya ndizi na majani yaliyokauka yakioza vizuri yanakuwa mbolea. Chimba shimo dogo, yatupe humo, yafunike kwa udongo kidogo, yanyunyizie maji na uyageuze kila juma. Baada ya miezi miwili au mitatu yatakuwa meusi kama udongo, nayo hayatanuka tena. Ndipo uyatumie.

Majivu. Majivu ya kuni au ya makala, kidogo tu, yanasaidia udongo. Ukiyanyunyizia kwenye majani yanapunguza wadudu. Lakini kama umewasha moto kwa plastiki, majivu hayo yatupe mbali.

Joto. Maharagwe yakishaiva, makala bado yana moto, na mara nyingi tunayaacha yafe bure. Moto huo unaweza kuanza kazi ya kuoka mkate.

2. NAMNA YA KUTENGENEZA BUSTANI YA GUNIA

Vitu vinavyohitajika: gunia moja la kilo 50, udongo, mchanga, samadi iliyooza au ile mbolea ya maganda, kokoto, na mkebe wa bati uliotolewa vitako vyote viwili.

(a) Changanya ndoo tatu za udongo, ndoo moja ya mchanga na ndoo moja ya samadi iliyooza. Samadi mbichi ya mbuzi au ya kuku inaunguza mizizi, iache kwanza ioze.

(b) Kunja mdomo wa gunia kwa nje. Weka mkebe katikati, chini kabisa. Ujaze kokoto.

(c) Mimina udongo kuzunguka mkebe hadi ufike juu yake. Sasa uvute mkebe taratibu kwenda juu. Kokoto zitabaki zimesimama kama nguzo. Ujaze tena kokoto, uweke udongo tena, hadi gunia lijae.

(d) Toboa matundu kwenye ubavu wa gunia. Kati ya tundu na tundu iwe nafasi ya kiganja kimoja. Usiyapange kwa mstari ulionyooka, yapishane.

(e) Mwaga maji ya kutosha, ungoje siku mbili ndipo upande.

Msiache ile nguzo ya kokoto. Gunia langu la kwanza nililijaza udongo mtupu kwa sababu niliona uvivu wa kuokota kokoto. Maji yalibaki juu, mboga za juu zikaoza, na zile za chini zikakauka. Kazi ya juma zima ikapotea. Kokoto ndizo zinazopeleka maji hadi chini.

Wakati wa kiangazi mwaga maji asubuhi na jioni, polepole, juu ya kokoto. Ukiwa na maji machache, mwaga jioni, kwa sababu usiku hayakauki haraka. Funika udongo wa juu kwa majani makavu.

Gunia liwekwe mahali panapopata jua nusu ya siku, na pawe karibu na mlango. Mboga zilizo mbali zinaliwa na mbuzi wa jirani, tena zinaleta ugomvi.

3. NINI KIPANDWE, NA LINI

Lengalenga (wengine wanaita mchicha, na Wamalawi wanaita bonongwe) ndiyo mboga ya kwanza. Ukipanda mbegu siku ya mgao, baada ya majuma matatu au manne unaanza kuvuna, yaani katika zile siku ambazo sufuria ni tupu. Miezi ya baridi, Juni na Julai, inachelewa zaidi, basi wakati huo panda mapema. Mbegu zake ni ndogo sana. Zichanganye na mchanga mkavu, uzinyunyize juu ya gunia, uzifunike kwa udongo mwepesi tu.

Sukuma wiki na kabichi ya Kichina zioteshwe kwanza kwenye beseni bovu au boksi. Miche ikifikisha majani manne au matano, ihamishie kwenye matundu ya ubavu, wakati wa jioni. Ukivuna, chuma majani ya chini, uuache moyo wa juu. Mche mmoja utakupa majani kwa miezi kadhaa.

Vitunguu vya majani viwekwe juu ya gunia pembeni. Havichukui nafasi, navyo vinabadilisha ladha ya maharagwe.

Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa vipandwe mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, mahali popote penye udongo, hata kando ya ukuta. Mizabibu yake inatambaa, na majani yake (matembele) ni mboga. Viazi vyenyewe tutavitumia kwenye mkate.

Maboga nayo yapandwe mwanzo wa mvua, yapande juu ya uzio. Majani yake machanga ni mboga nzuri, na mbegu zake zikikaangwa zinaliwa.

Ukiwa na magunia mawili, usiyapande siku moja. La pili lipande baada ya majuma mawili. Hivyo mboga hazitaisha zote pamoja. Tena acha mimea miwili ya lengalenga itoe maua na mbegu. Kichwa kimoja kinatoa mbegu za kutosha wewe na majirani. Zikaushe, uzifunge kwenye karatasi, uandike jina na mwezi.

Wadudu wadogo weusi au wa kijani wakikaa chini ya majani, changanya kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, uwanyunyizie jioni. Kabla ya kupika, osha majani vizuri.

4. MKATE WA SUFURIA

Kuna mtu atauliza: kwa nini kuoka mkate wakati hata unga wa ugali hautoshi? Ni kwa sababu mkate uliooka mwenyewe unalisha watoto asubuhi kwa gharama ndogo kuliko mkate wa dukani, na vipande vichache vikiuzwa vinaweza kulipia sabuni. Lakini usiuze unga wa mgao wote ili ununue ngano. Hapo utakuwa umeuza ugali wa siku nyingi ili upate chai ya siku chache.

Mkate wangu wa kwanza uliharibika. Mama alikuwa ameazima unga kwa jirani. Mimi nikatia hamira kwenye maji ya moto nikidhani ndipo itafanya kazi haraka. Hamira ikafa. Mkate ukatoka mgumu kama tofali. Tuliuloweka kwenye chai tukaula, lakini deni la unga lilibaki. Nawaandikia hatua zote ili yasiwapate hayo.

Vitu: unga wa ngano vikombe 4, hamira kijiko kidogo 1 na nusu, sukari vijiko vikubwa 2, chumvi kijiko kidogo 1, mafuta vijiko vikubwa 2, maji ya uvuguvugu kikombe 1 na robo.

(a) Pima maji kwa kidole. Kidole kikikaa ndani bila kuumia, maji yanafaa. Tia hamira na sukari kidogo katika maji hayo, ungoje dakika 10. Likitokea povu, hamira ni hai. Lisipotokea, hamira hiyo ni mbovu. Usiharibu unga wako.

(b) Changanya unga, chumvi na sukari iliyobaki. Tia mafuta, halafu maji ya hamira kidogo kidogo.

(c) Kanda kwa dakika 10 hadi donge liwe laini na lisishike mikononi.

(d) Funika kwa kitambaa safi, uliweke mahali penye joto hadi liumuke mara mbili. Siku ya joto ni kama saa moja. Wakati wa baridi ni saa mbili au zaidi.

(e) Kanda tena kidogo, uliweke kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, uliache liumuke tena nusu saa.

(f) Chukua sufuria kubwa, tandaza mchanga mkavu chini, kimo cha vidole viwili. Iweke kwenye jiko ipate moto. Weka sufuria ndogo ndani, ufunike ile kubwa kwa mfuniko wa bati, kisha upange makala ya moto juu ya mfuniko.

(g) Siri ya kuoka ni hii: moto wa juu uwe mkubwa kuliko wa chini. Gawa makala mafungu matatu, fungu moja chini, mawili juu. Wengi wanafanya kinyume, na mkate unaungua chini huku juu ni mbichi.

(h) Baada ya dakika 30 hadi 40, chomeka kisu kisafi katikati. Kikitoka kikavu, mkate umeiva. Ukiugonga chini utatoa sauti ya kitu chenye uwazi ndani.

Kupunguza ngano. Unga wa muhindi peke yake hauumuki, kwa sababu hauna ule mvutano unaoshika hewa. Lakini unaweza kuondoa kikombe 1 cha ngano kati ya vile 4, ukatia kikombe 1 cha viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa. Hapo punguza maji, kwa sababu viazi vina maji yake. Mkate unakuwa laini na mtamu, na hata sukari unaweza kuipunguza.

Kupunguza hamira. Ukioka leo na kesho, kata kipande cha donge kama ngumi ya mtoto kabla ya kuoka, ukihifadhi kwenye kikombe kilichofunikwa, mahali pa ubaridi. Kesho kikande pamoja na unga mpya. Hiyo ni chachu, nayo itakuombea nusu ya hamira. Utangoje zaidi kidogo liumuke.

Kupunguza makala. Loweka maharagwe usiku kucha, yataiva haraka. Tena familia mbili au tatu zipange kuoka siku moja. Mkate wa kwanza ukitoka, wa pili unaingia sufuria ikiwa bado ya moto.

5. ONYO JUU YA MAKALA

Hili nawaomba mlisome mara mbili, hasa miezi ya baridi. Jiko la makala lisiingizwe katika chumba cha kulala, hata kama makala yameshika vizuri na moshi hauonekani. Makala yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu wakilala nayo mlango ukiwa umefungwa, wanaweza wasiamke. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na kutapika ni dalili zake. Ukimkuta mtu hivyo, fungua mlango, mtoe nje, umpeleke kwenye zahanati upesi.

Oka nje, au chini ya kibanda kisicho na kuta. Chora mstari chini kuzunguka jiko, uwaambie watoto wasiuvuke. Makala ya mfuniko yanaanguka kwa urahisi, basi mfuniko ushikwe na mtu mzima.

6. UKITAKA KUUZA, FANYA HESABU KWANZA

Wengi tunauza mwezi mmoja, halafu mtaji unapotea na hatujui ulikwenda wapi. Tuchukue mfano. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka za soko la siku hiyo.

Unga kwacha 1,500, hamira 200, sukari 250, mafuta 450, chumvi 50, makala 550. Jumla ni 3,000. Mkate ukikatwa vipande 12, kila kipande kimekugharimu 250. Ukiuza kwa 300, vipande 12 vinaleta 3,600, na faida ni 600.

Sasa watoto wakila vipande viwili, umeuza kumi: 3,000. Umerudisha mtaji tu, na faida yako ndiyo waliyokula watoto. Hilo si kosa, watoto lazima wale. Lakini ukitoa tena vipande vitatu kwa deni na deni lisilipwe, mkononi una 2,100, na huwezi kununua vitu vya kesho. Biashara imekufa siku hiyo.

Basi amua asubuhi: vipande hivi ni vya watoto, hivi ni vya kuuza. Vya watoto viweke kando kabla ya kwenda barabarani. Pesa ya mtaji iwe kwenye kitambaa chake, isichanganywe na pesa ya mboga. Na mwenye deni la mkate umwambie kwa upole kwamba utamkopesha tena akilipa la kwanza.

7. MBOGA KATIKA SAHANI YA MTOTO

Mboga za majani na viazi vya rangi ya machungwa vinasaidia macho na kinga ya mwili, lakini vinahitaji mafuta kidogo ili mwili uvipokee. Kijiko kimoja kinatosha. Majani mabichi ya kijani na maharagwe yana madini ya kuongeza damu. Ukitia nyanya au ndimu, mwili unayapokea vizuri zaidi. Chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia kazi hiyo, basi mpe mtoto na mama mjamzito chai saa moja baadaye. Usichemshe lengalenga muda mrefu na kumwaga maji yake. Dakika chache zinatosha.

Sombe ni tofauti. Majani ya muhogo yana sumu yakiwa mabichi. Yatwange vizuri, uyachemshe muda mrefu bila kufunika, kama mama zetu walivyotufundisha. Usikubali kufupisha kwa sababu ya makala machache. Siku ya makala machache, pika lengalenga.

8. KAZI YA MWEZI HUU

Kabla ya mgao: tafuta gunia, okota kokoto, chimba shimo la maganda.

Siku ya mgao: panda lengalenga. Weka kando vikombe vichache vya unga na maharagwe, uvifunge, umpe mama au bibi wa nyumba avitunze, visiguswe kabla ya juma la nne.

Juma la pili: panda gunia la pili. Jaribu mkate mmoja mdogo, wa vikombe 2 vya unga na nusu ya vitu vyote vingine.

Juma la nne: vuna, fungua kile ulichofunga, na uangalie daftari la dukani. Kama deni la mwezi huu ni dogo kuliko la mwezi uliopita, hata kwa kidogo, njia imefunguka. Mwezi ujao ongeza gunia moja.

Wazee wasio na nguvu ya kubeba udongo, na akina mama waliojifungua karibuni, wasiachwe. Vijana wa mtaa tuwajazie magunia yao. Ni kazi ya nusu siku.

Asiyejua kusoma asomewe na jirani. Na wewe uliyejaribu, ukaona jambo lililokwenda vizuri au lililoshindikana, utuambie tutakapopita nyumbani kwako, ili wengine nao wajue.

Haba na haba hujaza kibaba.

Ni mimi, mhudumu wenu wa jamii.